Katambuga za Tukijan

Mimi ni fundi viatu wa kutembea. Nabeba mzega wangu begani, sanduku moja mbele na jingine nyuma, nazunguka vitongoji vya milima hii nikiita "Soli! Soli!" mpaka jina nililopewa na wazazi watu wamelisahau. Wananiita Mbah Sol, yaani Babu Soli, na mimi naitika. Vitabu sijasoma vingi, lakini soli nazisoma. Nikigeuza kiatu cha mtu najua kama goti la kushoto linamsumbua, kama hubeba mzigo upande mmoja, kama ni mtu wa haraka au ni wa kusimamasimama njiani kupiga soga. Wagema wa minazi tu ndio siwajui, maana wao wanapanda peku na hawajawahi kunipa kazi.

Siku moja, mvua za masika ya huku zikiwa zinaishia, nilikuwa napita kitongoji cha Ngasinan. Mama mmoja akaniita barazani kwake, akanipa ndara za mwanawe. Mkanda ulikuwa umekatika. Nikazigeuza, mazoea tu, nisome. Hakukuwa na cha kusoma. Soli ilikuwa kama imetoka dukani asubuhi ile, hata maandishi ya kiwandani hayajafutika.

"Umezinunua lini hizi, Mbok?"

"Huu mwaka wa tatu, Mbah."

"Mwaka wa tatu? Anazivaa au anazitundika ukutani?"

Hakucheka. "Anazivaa. Lakini hatembei. Mkanda umekatwa na mguu kuvimba, haukukatwa na safari."

Mama huyo ni Mbok Kasinem, yaani Mama Kasinem, na sukari guru yake ya mnazi ndiyo inayosifiwa kuliko ya nyumba yoyote pale Ngasinan, ambako kila nyumba inapika sukari guru. Mwenye ndara ni mwanawe wa pekee, Tukijan. Alikuwa amekaa mkekani nyuma ya mlango, mgongo ukutani, mnene, mweupe wa kukosa jua, amefumba macho. Nilipomsalimu alifumbua jicho moja akasema, "Mbah Sol. Bado una mzega ule ule?" Kisha akalifumba tena.

Nami nilimkumbuka alivyokuwa. Kijana yule alikuwa anagema minazi ishirini na minne, asubuhi na jioni, kupanda na kushuka, vibuyu vya mwanzi vikigongana kiunoni. Ukipita chini unamsikia anaimba kule juu, humwoni. Alipofika miaka ishirini na saba hivi akaanza kusema kuna watu wanamsubiri juu ya minazi, wanamjua kwa jina. Wenzake walidhani ni mzaha, wakawa wanamtania: "Wasalimie!" Haukuwa mzaha.

Miaka iliyofuata sipendi kuisimulia yote. Nitasema mawili tu, kwa sababu bila hayo hutaelewa. La kwanza: alipata dawa ikamtuliza, halafu kwa sababu nisizozijua ikabadilishwa akapewa nyingine, na wiki chache baadaye wale watu wa juu ya minazi wakarudi kwa kelele. Siku moja alimsukuma mama yake karibu na jiko la sukari. Mkono wa kulia wa Mbok Kasinem ukavunjika kwenye kifundo cha kiganja, ukaunga vibaya, na hadi leo umepinda. La pili: baada ya hapo watu wa kitongoji walikusanyika wakamfungia chumba cha nyuma ya jiko, mbao zikapigiliwa misumari, akakaa mle miezi saba. Aliyeshika nyundo ni jirani yao, Pak Suradal, yaani Mzee Suradal. Hakufanya kwa ubaya. Aliogopa, kila mtu aliogopa.

Kisha nesi mpya akaletwa kituo cha afya, Bu Wening, yaani Bibi Wening. Mwanamke mfupi, anaendesha pikipiki kubwa kuliko yeye. Aling'oa mbao zile kwa mkono wake, akampeleka Tukijan hospitali, na miezi minne baadaye akamrudisha akiwa na kidonge cha usiku. Kidonge hicho kilikuwa kimewanyamazisha wale watu, au kama mwenyewe anavyosema, kiliwahamishia ng'ambo ya bonde: unawasikia wakiongea lakini si lazima uitike. Ila kilikuja na usingizi mzito na njaa isiyoshiba. Na mama yake, kwa mapenzi, alimkataza kila kitu. Kupanda mnazi hapana, na hapo alikuwa sahihi, maana mtu mwenye usingizi hapandi mnazi. Lakini na kuni hapana. Na kisima hapana. "Kaa tu, Le," anamwambia. Huku kwetu mwana wa kiume anaitwa Le na mama yake hata akiwa na miaka thelathini na minane. "Kaa tu, Le. Pumzika."

Akapumzika miaka mitatu, na ndiyo ile soli.

Nilikuwa bado nashona ule mkanda pikipiki ya Bu Wening ilipoingia uani. Alimchoma Tukijan kidole, akasoma kile kimashine chake, akampima kiuno kwa utepe, utepe haukutosha, akaufunga na kamba ya katani. Halafu akakaa chini mkekani, karibu naye.

"Mas Jan," akamwita, yaani Kaka Jan, "sukari yako ni mia mbili themanini na tisa. Nimezungumza na daktari. Anasema dawa hii ndiyo inayokunenepesha na kupandisha sukari. Anatupa miezi mitatu. Ikishuka, tunaendelea nayo. Isiposhuka, itabidi ibadilishwe."

Tukijan akafumbua macho yote mawili. "Ibadilishwe kwa ile nyingine?"

"Si lazima ile. Ziko nyingi."

"Lakini si hii."

"Si hii, Mas."

Tukijan aliangalia mkono wa mama yake, ule uliopinda, uliokuwa umeshika ungo. Mama akauficha mkono chini ya kitenge. Sote watatu tuliona, tukajifanya hatujaona.

"Sasa afanye nini?" Mbok Kasinem aliuliza.

"Apunguze vitamu, na atembee. Nusu saa kwa siku kwa kuanzia."

"Atembee aende wapi?"

"Popote."

"Bu Nesi," akasema yule mama taratibu, kama anayemfundisha mtoto, "hapa mtu hatembei popote. Mtu anakwenda kisimani, au shambani, au mazishini. Mwanangu akionekana anatembea bila kwenda mahali, watasema imemrudia. Watafunga milango."

Kweli Bu Wening hakuwa amelifikiria hilo, yeye ni mtu wa mjini, kule watu hukimbia barabarani asubuhi na hakuna anayewauliza. Kisha macho yake yakaangukia mzega wangu.

"Mbah, wewe unatembea kila siku?"

"Kila siku isipokuwa siku ya soko."

"Na mtu akikuona na mwenzako, atasema nini?"

"Atasema Mbah Sol amezeeka, ametafuta wa kumsaidia."

"Haya," akasema. "Amezeeka."

Ndivyo nilivyopata mwenzangu. Kabla ya yote nilimtengenezea katambuga. Nilimsimamisha juu ya gazeti nikachora miguu yake, mipana kama majani ya mgomba, nikakata tairi la lori. Bu Wening alikuwa ameniambia kidonda kidogo mguuni mwa mtu mwenye sukari kinaweza kukataa kupona, basi ndani nilitandika ngozi laini ya mkoba wa zamani, mikanda nikaifanya mipana, kila ncha ya msumari nikaikunja na kuipapasa kwa ulimi kuhakikisha haichomi. Ndiyo, kwa ulimi. Kidole cha fundi viatu kina sugu, hakihisi kitu.

Tulianza saa nne asubuhi, kwa sababu kabla ya hapo kidonge kilikuwa bado kimemlalia. Siku ya kwanza tulifika kisimani kwa Pak Suradal, hatua kama mia mbili. Akakaa kwenye jiwe akihema kama mvukuto.

"Mbah," akasema, "zamani nilikuwa nakuona kutoka juu. Nilikuwa nasema, yule mzee anatembea polepole kama konokono."

"Na sasa?"

"Sasa naomba upunguze mwendo."

Tulicheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu siku za vibuyu vya mwanzi.

Tulipokuwa pale jiweni, mlango wa Pak Suradal ukafunguka. Mzee akasimama kizingitini, mashavu yamebonyea, sigara ya karafuu haijawashwa. Alituangalia muda mrefu. Nilidhani ataufunga. Badala yake akasema, "Karibuni, Mas Jan. Piteni kwanza."

Ukitaka kujua uzito wa maneno hayo, ujue kwamba tangu atoke hospitali hakuna nyumba iliyomkaribisha. Hawakumtukana. Walikuwa wanaingia ndani tu akipita, mmoja anakumbuka sufuria, mwingine anakumbuka kuku. Basi tukaingia kwa Pak Suradal, mkewe akaleta glasi za chai nyeusi ya moto, na Tukijan akaishika yake kwa mikono miwili. Mikono ilitetemeka, nayo ni kazi ya dawa, akainywa yote hadi majani.

Habari haikuchelewa. Kesho yake Bu Ngatilah, mwenye kuuza muhogo wa kukaanga, alikuwa ametusubiri nje. "Mbona kwa Suradal mmeingia? Kwangu kuna mbwa?" Keshokutwa yake nyumba mbili. Wiki ya pili tulikuwa hatupiti mlango hata mmoja bila kuitwa. Na kila nyumba, chai.

Ninachotaka ujue ni kwamba watu wale hawakuwa wazembe. Bu Wening alikuwa amewaambia kwamba kwa Tukijan sukari ni sumu, nao walishika sana. Bu Ngatilah alituonyesha kopo lake la sukari nyeupe ya dukani, amelifunga kwa kamba na kulipandisha juu ya kabati. "Hii haitamgusa Mas Jan, haki ya Mungu! Kwangu anakunywa kwa sukari guru peke yake." Na anamkatia kipande kizima, nusu kifuu, akitumbukiza kwenye glasi. Kwa wagema wa huku, sukari ni ile nyeupe, ya kiwandani, ya magonjwa. Hii yetu imetoka mtini, tumeikoroga wenyewe, mama anapewa akijifungua, mtoto anapakwa ulimini akizaliwa. Itamdhuru vipi mtu? Na mimi niliamini hivyo hivyo, sitadanganya. Nilikuwa naona kipande kile kinayeyuka nasema moyoni, hawa watu wana roho nzuri.

Mwezi ukaisha. Tulikuwa tunafika sasa mpaka daraja la mwanzi, saa nzima ya kutembea, na Tukijan alikuwa anabeba sanduku langu dogo. Bu Wening alipokuja tulikuwa barazani tumejipanga kama watoto wanaosubiri zawadi. Akachoma kidole. Akasoma. Akachoma kidole kingine.

"Mia tatu arobaini na moja," akasema.

Mbok Kasinem akauliza kama hiyo ni nzuri.

"Imepanda, Mbok. Mmetembea kweli?"

"Tumetembea!" nikasema kwa hasira. "Angalia kisigino cha katambuga!"

"Basi amekula nini?"

Tukahesabu. Wali kidogo, mboga, tempe ya soya. Vitamu hakuna. Chai tu.

"Chai na sukari?"

"Bila sukari, Bu," Tukijan akajibu. "Sukari guru tu."

Bu Wening akaweka kalamu chini. "Glasi ngapi?"

"Tisa. Siku ya kupita kwa Bu Ngatilah kumi na moja, yeye huongeza."

Yule nesi akaziba uso kwa mikono, mabega yakawa yanatikisika, sikujua analia au anacheka. Alipofunua uso nikaona ni yote mawili. "Sukari guru ni sukari, jamani. Ni sukari kama ile nyingine."

"Hapana!" Mbok Kasinem alisimama. "Bu Nesi, nakuheshimu, ulinitolea mwanangu gizani. Lakini usiitukane sukari yangu. Mama yangu aliipika. Bibi yangu aliipika. Mimi nimeila tangu nina jino moja!"

Bu Wening hakubishana. Aliomba glasi moja ya chai, na kipande cha sukari cha Mbok mwenyewe, kile kizuri cha rangi ya asali. Tukijan akanywa. Tukakaa. Kuku walipita. Nilishona kiatu kimoja kizima. Baada ya kama saa hivi akamchoma tena, akampa Mbok Kasinem kile kimashine asome mwenyewe. Herufi hajui, lakini tarakimu anazijua, anauza sukari sokoni. Akakisoma, akakiweka juu ya mkeka taratibu kama kitu cha moto, akaingia jikoni. Tulimsikia anakoroga sufuria ambalo halikuwa na kitu.

"Ni rahisi," Bu Wening alimwambia Tukijan. "Wakikupa chai, kataa. Sema asante, sitaki."

"Siwezi, Bu."

"Kwa nini huwezi?"

Yeye huchelewa kujibu, maneno yanamjia polepole. "Kila glasi ni mlango," akasema. "Pak Dal ndiye aliyenipigilia misumari. Sasa ananiwekea glasi. Nikimwambia sitaki, atasikia nini? Atasikia Jan hajasamehe. Na mimi nimesamehe."

"Basi mwambie akupe maji."

Hapo mimi na Tukijan tulitazamana. Huku kwetu mgeni hapewi maji matupu. Maji matupu unampa mtu unayetaka aondoke. Nyumba ambayo haina hata kipande cha sukari cha kumtilia mgeni ni nyumba iliyokwisha. Kumwomba Pak Suradal maji ni kumwambia, nakuona wewe ni fukara, tena mbele ya mkeo.

Basi Tukijan akachagua njia yake. Kesho yake nilipokuja saa nne, alikuwa mkekani, mgongo ukutani. "Leo hapana, Mbah." Na keshokutwa yake hapana. Katambuga zilikuwa zimewekwa mlangoni sambamba, safi. Siku ya tatu nilikaa naye tu. Akaniambia, macho amefumba: "Wakibadilisha dawa, Mbah, unifungie wewe. Kabla sijamgusa mama. Usimwachie Pak Dal tena, atalia."

Nilikwenda jikoni kuaga, nikamkuta Mbok Kasinem amesimama juu ya sufuria la sukari, anakoroga kwa mkono wa kushoto, na alikuwa amesikia kila neno.

"Mbah," akasema bila kugeuka, "mkutano wa kaya ni lini?"

Pale Ngasinan kila siku thelathini na tano kaya zote hukutana, kila nyumba kwa zamu yake, mwenye nyumba anaandaa. Zamu ya Mbok Kasinem ilikuwa imerukwa tangu mwanawe augue. Hakuna aliyesema irukwe, ilirukwa tu.

"Jumapili hii," nikasema. "Kwa Bu Ngatilah."

"Mwambie anipishe. Nataka zamu yangu."

Jumapili asubuhi walikuja wote. Nadhani hakuna aliyebaki nyumbani. Walikuja na shauku, kwa sababu chai ya Mbok Kasinem ilikuwa haijanyweka hadharani kwa miaka, na tangu mlangoni Bu Ngatilah alikuwa anamwambia kila mtu, "Leo mtakunywa chai, siyo ile yangu." Mikeka ikajaa hadi uani. Bu Wening alikuwa kwenye kona, amealikwa, hajaambiwa kwa nini.

Aliyetoka jikoni na sinia ni Tukijan. Amevaa shati lililopigwa pasi, vifungo vya tumboni vimekataa kufika. Glasi zilikuwa zinagongana kwa ule mtetemo wake, na watu wakainamisha macho ili wasimtazame mikono. Akapiga magoti mbele ya Pak Suradal, mkubwa wa wote, akaweka glasi. Kisha kwa mwingine. Kisha kwa mwingine.

Yalikuwa maji. Maji ya moto, meupe, unaona mpaka chini ya glasi.

Mtu mmoja kule nyuma akanong'ona, "Amesahau majani?" Mwenzake akamjibu, "Na sukari asahau? Yeye?"

Mbok Kasinem akasimama mlangoni mwa jiko. Si mtu wa hotuba.

"Sikusahau," akasema. "Sukari iko jikoni, sufuria mbili, mnaweza kwenda kuangalia. Mmemfungulia mwanangu milango. Mmempa chai, glasi tisa, siku nyingine kumi na moja. Mimi sina cha kuwalipa. Lakini sukari yetu inampandia kwenye damu kama ile ya dukani. Mimi mwenyewe nimeona. Ikipanda, watabadilisha dawa yake." Hapo akauinua ule mkono uliopinda, ambao kwa miaka yote alikuwa anauficha, akaushikilia juu watu wote wauone. "Na mnajua dawa ikibadilishwa inakuwaje. Yeye hawezi kuwaambia hataki chai yenu. Basi nawaambia mimi. Mwanangu anakunywa hiki. Atakayemkaribisha, ampe hiki. Na kama ni aibu, leo nimeanza mimi, mpikaji wa sukari, mbele yenu wote."

Hakuna aliyenyoosha mkono. Nilimwona Tukijan amebaki amepiga magoti, sinia tupu kifuani kama ngao.

Pak Suradal akaiinua glasi yake. Akaitazama mwangani, akapuliza kama tunavyopuliza chai, akanywa funda moja refu kwa sauti. Akaitua.

"Kasinem," akasema, "maji yako yana ladha ya moshi."

"Sufuria ni la sukari, Pak."

"Nimesema ni mabaya?" Akanywa tena, akamaliza. "Ongeza."

Ndipo watu wakacheka, na glasi zikaanza kuinuliwa, na Bu Ngatilah akasema kwa sauti kwamba kama angejua angekuja na muhogo wake, maana maji matupu yanaamsha minyoo. Bu Wening kule kwenye kona alikuwa anafuta pua kwa mkono wa sare yake.

Lakini Pak Suradal alikuwa hajamaliza. "Sawa, maji," akasema. "Ila mimi mgeni akija kwangu lazima nimpe kitu. Siwezi kukaa naye tunaangaliana na maji. Nimpe nini?"

"Mpe kazi!" mtu akadakia kwa mzaha. "Kuni zako zimefika paani!"

Watu wakacheka, kisha kicheko kikakatika chenyewe, kwa sababu kila mtu alifikiria kitu kile kile. Kuni zinapasuliwa kwa shoka.

Pak Suradal aliwasha ile sigara yake ya karafuu. Akavuta. "Kesho, Mas Jan," akasema, "baada ya maji. Shoka langu ni zito kidogo, mpini nitaufunga kitambaa usikuchubue."

Tukijan alimtazama mama yake. Na yule mama, ambaye kwa miaka mitatu hakumruhusu hata kuchota ndoo moja, alisema, "Nenda, Le. Ila uvae katambuga."

Nilikuwepo kesho yake, nikajifanya nina kiatu cha kushona. Pak Suradal alimpa shoka kwa mikono miwili, kama tunavyompa mtu kitu cha heshima, kisha akamgeuzia mgongo na kwenda kupanga magogo. Huo mgongo ndio ninaoukumbuka. Mzee wa miaka sabini, mabega membamba, ameinama, na nyuma yake mtu ambaye yeye mwenyewe aliwahi kumfungia kwa misumari, ameshika shoka. Tukijan alisimama kitambo. Halafu akapiga gogo. Alikosa. Akapiga tena, likapasuka katikati, na kuku wakatawanyika.

Alipasua vipande saba siku ile, akalala mchana kutwa. Wiki iliyofuata kumi na vitano. Na nyumba nyingine nazo zikatafuta cha kumpa. Kwa Bu Ngatilah alitwanga muhogo. Mjane mmoja wa kule darajani alikuwa na ngazi ya kisima iliyobomoka, wakaijenga pamoja kwa siku nne, jiwe kwa jiwe. Siku nyingine zilikuwa mbaya, sitakuficha. Siku nyingine wale watu wa ng'ambo ya bonde walipaza sauti, akawa anasimama katikati ya njia ameinamisha kichwa, nami natua mzega nasubiri. Mara moja tulisubiri mpaka kivuli cha mnazi kikatuhama. Kisha akasema, "Haya, twende," tukaenda.

Mwezi wa tatu hatukumsubiri Bu Wening aje. Tulikwenda wenyewe kituo cha afya, kwa miguu, mimi, yeye na mama yake, saa moja na nusu kushuka bonde na kupanda. Tukijan alibeba masanduku yangu yote mawili. Mlimani mimi ndiye niliyeomba apunguze mwendo, na akanipa jibu nililostahili, la konokono.

Daktari alikuwa kijana, miwani imeshuka puani. Akasoma, akageuza karatasi, akasoma tena. "Mia moja themanini na tatu. Si nzuri bado." Mbok Kasinem akashika ukingo wa meza. "Lakini imeshuka sana. Kiuno kimepungua vidole vinne. Mnafanya nini huko?"

"Tunampa maji," Mbok Kasinem alisema.

"Na dawa?" Tukijan akauliza. Sauti ilikuwa ndogo.

"Dawa tunaendelea nayo hiyo hiyo. Tutapima tena baada ya miezi mitatu. Lakini usikae, Mas."

"Sikai, Pak Daktari," akasema. Akatoka nje, akaenda hadi kwenye uzio, akatugeuzia mgongo. Mama yake akamfuata, akamwekea ule mkono uliopinda mgongoni, na mimi nikajishughulisha na kamba za mzega.

Juzi alinijia nyumbani ninakolala msimu huu, peke yake, bila mimi kumfuata, katambuga mkononi. Mkanda haukuwa na shida. Nikazigeuza. Kisigino kimeliwa, upande wa nje zaidi, kwa sababu anaukokota kidogo mguu wa kulia. Chini ya vidole kumechakaa sawasawa kote, alama ya mtu anayepanda mlima. Katikati kulikuwa na jiwe dogo limezama kwenye mpira, nikalitoa kwa msharasi. Tairi la lori, limekwisha kwa miezi mitano. Sijawahi kushona kitu chochote kilichonipa raha kukiona kimeharibika namna ile.

"Zitachukua muda gani, Mbah?"

"Kaa. Pumzika kidogo."

"Sikai," akasema. Akaegemea nguzo akiwa peku, miguu yake mipana vumbini kama ya mgema. "Fanya haraka, Pak Dal ameshachemsha maji."